Jumamosi za Mwisho wa Mwezi

Ofisini, Jumanne, 28 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua barua hii utaisoma kalamu nyekundu ikiwa mkononi, kwa hiyo makosa yangu nisamehe mapema. Nakuandikia kwa sababu wiki iliyopita kwenye simu nilipiga kelele mpaka ofisi nzima ikajua habari zetu, na wewe bado hukusikia. Masikio yako yamestaafu siku moja na wewe. Lori letu linakuja huko kila Jumatano kuchukua miche na linarudi Alhamisi, basi dereva wetu, huyu tunayemwita Mwendo Pole kwa kuwa hajawahi kwenda pole hata siku moja, atakuwa tarishi wetu.

Jambo lenyewe ni kiwanja cha hospitali. Ndiyo, chako, kile cha kati ya wodi ya wazazi na maabara. Kinatuamisha maji. Mvua ya nusu saa tu, dimbwi linakaa siku mbili mbele ya mabenchi, na mawe yameota utelezi wa kijani. Juzi muuguzi kateleza na trei ya dawa, kavunjika mkono. Mkurugenzi wa hospitali akaniita, akanionyesha picha za dimbwi kwenye simu yake, moja baada ya nyingine, kama mtu anayeonyesha picha za harusi. Akasema, "Kampuni yenu ilijenga, kampuni yenu itengeneze. Mkishindwa, katikati ya mwezi wa nne nang'oa yote, namwaga zege."

Zege, Baba! Kiwanja cha miaka ishirini na minane, ambacho wanafunzi wa usanifu wa mandhari wanaletwa kwa basi kuja kuona maana ya kazi inayodumu! Kazi hii mimi niliijulia pale, nina miaka kumi, nimeshika ncha ya kamba, wewe upande wa pili unafoka, "Kaza, Mshika Kamba, kaza!"

Swali langu ni moja tu. Maji ya kile kiwanja yanaondokea wapi? Nimelikunjua rola lote la michoro yako. Karatasi ya tano ipo, ya saba ipo. Ya sita, ile ya mabomba ya chini, haipo.

Mama msalimie. Mwambie kikohozi kimeisha.

Mwanao,
Mshika Kamba

*

Nyumbani, Alhamisi, 30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Makosa yalikuwa manne, si mengi.

Kile kiwanja hakina tatizo. Kama kingekuwa na tatizo lingejionyesha mwaka wa kwanza, si wa ishirini na nane. Mawe yale niliyatandika juu ya mchanga bila tone la saruji, ili ardhi ipumue na mizizi ipite. Kazi ya namna hiyo haifi yenyewe, inauawa. Waulize watu wa maabara wanamwaga nini kwenye mifereji. Waulize wanapitisha mikokoteni ya uzito gani. Watu wa siku hizi wanabomoa kwanza, ndipo wanauliza.

Karatasi ya sita huenda ililiwa na mchwa tulipohama ofisi ile ya zamani. Mchwa hawachagui.

Wewe usitishwe na picha za kwenye simu. Pale ukutani, juu ya meza yako, niliandika kwa mkono wangu, *Kazi njema haimwiti fundi tena*. Simama chini ya maneno hayo, mwambie huyo mkurugenzi akadeki kiwanja chake.

Miche ya safari hii ni mizuri. Mwambie Mwendo Pole asiilaze.

Baba yako

*

Ofisini, Jumanne, 4 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nimesimama chini ya maneno yako wiki nzima. Shingo inaniuma.

Watu wa maabara nimewauliza. Wanamwaga maji ya kunawia mikono, basi. Mikokoteni wanayopitisha ni ya mashuka. Nimetia waya wa kuzibulia kwenye mfereji wa chini, umeingia mita tatu ukagota kwenye kitu laini. Nimeomba kufukua. Mkurugenzi kanipa ruhusa ya safu chache kwa siku, kwa sababu wagonjwa wanapita hapo, na kila nikiinua jiwe ananitolea macho kama namng'oa jino.

Naomba nikuambie jambo na usikasirike. Huo msemo wako wa ukutani unaniua. Unakumbuka ule uwanja wa shule nilioukabidhi miaka mitatu iliyopita? Mwalimu mkuu kanipigia mara sita mwaka huu. Mifereji imejaa majani, mchanga umehama, watoto wanacheza kwenye tope. Nilipoandika mkataba ule, Penseli, mchoraji wetu, aliniambia, "Dada, tuweke kipengele cha mtu wa kusafisha mifereji kila mwezi." Nikamkatalia. Nikamwambia, Mzee alijenga kiwanja cha hospitali bila kuweka mtu, na kimesimama. Kiwanja kinachohitaji mtu ni kiwanja kilichokosewa. Maneno yako hayo, nimeyasema kwa sauti yako, mpaka kidole nilinyanyua kama wewe.

Na wateja nao! Wa benki anataka mti wenye kivuli ifikapo Ijumaa. Nimemwambia mti si pazia. Kaenda kwa kampuni nyingine, wamemchomekea minazi mikubwa isiyo na mizizi, ameridhika kabisa. Itakufa baada ya sherehe, lakini picha itakuwa imeshapigwa. Sisi tunaojenga vya kudumu ndio tunaoulizwa kwa nini tunachelewa.

Sasa hili la muhimu. Pale hospitali kuna mama wa dobi, yuko pale tangu kiwanja kinafunguliwa. Alinitazama nikihangaika na mtaimbo siku mbili, siku ya tatu akaniambia, "Mwanangu, unajisumbua. Si umuulize yule aliyekuwa akifungua jiwe?" Nikamuuliza, jiwe gani? Anasema mfagiaji wa zamani, aliyestaafu miaka miwili iliyopita, alikuwa akiinua jiwe moja na kutoa ndoo za matope. Upande upi, hakumbuki. Anasema na wewe alikuona hapo, zamani.

Ni kweli, Baba? Kuna chemba? Niambie tu safu gani, nitafanya kazi iliyobaki mwenyewe.

Mwanao,
Mshika Kamba

*

Nyumbani, Alhamisi, 6 Aprili

Mwanangu,

Tangu lini kampuni yetu inachora kwa maneno ya dobi?

Mfagiaji yule namkumbuka. Alikuwa mtu wa chupa, na chupa zake alikuwa akizificha chini ya mawe. Ndiyo matope hayo. Mimi nilipita pale mara chache kumkemea, huenda ndipo huyo mama aliponiona.

Hakuna chemba. Kiwanja kile hakikuchorwa na chemba, hakina chemba, na hakihitaji chemba. Acha kufukuafukua mawe yangu, utayavunja kona.

Baba yako

*

Ofisini, Jumanne, 11 Aprili

Baba,

Shikamoo.

Umesema hakuna, basi hakuna. Nimewaambia vijana warudishe mawe. Tulianza mlango wa maabara, tulikuwa tumefika safu ya sita. Safu zote ni thelathini, na mkurugenzi kashachoka na vumbi. Kusema kweli, kama barua yako isingefika ningemwomba wiki moja nyingine. Lakini mtu anayefukua kitu ambacho mjenzi mwenyewe amesema hakipo, huyo ni mwizi wa makaburi.

Mfagiaji nimemtafuta. Ofisi ya utumishi wana namba yake ya simu, haipatikani. Wanasema alihama.

Bodi ya hospitali imekaa jana. Tingatinga linaingia Jumatano ya tarehe 19, linaanzia mlango wa wodi ya wazazi kuja huku. Mkurugenzi kaniambia kama sitaki kubomoa mimi atatafuta mwingine, na huyo mwingine hata miti hataibakiza. Nina watu tisa ofisini wanaonitazama machoni kila asubuhi. Nimetia saini, Baba. Mimi, kwa mkono huu uliokushikia kamba, nimetia saini kubomoa kiwanja chako. Nimetoka pale nikakaa kwenye benchi lako, nikalia mbele za watu, mgonjwa mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Na nina hasira nawe, acha niseme. Nimekuuliza mara mbili swali la kitaalamu, umenijibu kama mtu aliyedaiwa. Kufichaficha kwako sikuanza kukuona leo. Nakumbuka Jumamosi zako za mwisho wa mwezi. Unaondoka baada ya chai bila kusema unakwenda wapi, unarudi alasiri umeoga, na Mama anakupakulia chakula hakutazami. Nilikuwa mtoto, si kipofu. Ya ndani ya nyumba ni yenu, sikuulizi. Lakini mabomba ni ya kampuni, na kampuni ulinikabidhi mimi.

Kama kuna lolote, hata dogo, lori linaondoka huko Alhamisi asubuhi. Baada ya hapo halitafika kwa wakati.

Mwanao

*

Nyumbani, Alhamisi, 13 Aprili

Mwanangu,

Barua yako imefika. Hapa hatujambo. Goti linasumbua kidogo asubuhi, likipata jua linatulia. Mama yako ameotesha vitunguu nyuma ya nyumba, ameniambia mistari yangu imepinda.

Wewe ndiye mwenye kampuni sasa. Fanyeni mnavyoona inafaa. Kama kuna namna ya kuwachelewesha, wacheleweshe.

Miche minne ina udongo mwepesi, imwagilieni mapema.

Baba yako

*

Nyumbani, Jumatano, 19 Aprili

Mwanangu,

Nimekupigia simu tangu asubuhi, mara tano, inaita tu hupokei. Basi nakuandikia, na Mwendo Pole nimemkamata hapa langoni nimemwambia kesho akiondoka bila barua yangu ajue hatanywa chai yangu tena.

Nilikuwa natafuta miwani ya baba yako kwenye droo. Nikakuta bahasha imeandikwa kwako. Sikuwa na nia ya kuisoma. Nimeisoma. Nimeiambatisha hapa, ya tarehe 12, aliiandika jioni ile barua yako ilipofika, na asubuhi yake akampa dereva ile nyingine ya vitunguu. Wiki nzima imelala na soksi.

Miaka ishirini na minne, mwanangu. Miaka ishirini na minne nilimjua yule mwanamke. Nilimjua umbo, nilimjua sauti, mpaka sabuni yake niliijua, kwa sababu baba yako alikuwa akirudi ameoga. Mwanamume anatoka na shati kuukuu, anarudi ananukia sabuni ya hospitali! Ningefikiri nini? Nilimuuliza siku moja tu, nikikunja nguo, akanyamaza. Mimi nikajua aliyenyamaza amekubali. Wanangu niliwalea vizuri, yeye nilimpikia, lakini kuna chumba kimoja moyoni nilikifunga na sikukifungua tena.

Nikamshuku mwalimu wa jirani, yule mrefu. Miaka saba nikimwona njiani nageuza njia. Alikuja kunipa pole mama yangu alipofariki, sikumpa hata kiti. Sasa na yeye yuko ardhini. Nimwombe radhi nani?

Kumbe shimo la matope! Ningekuwa nimeambiwa ni mwanamke ningejua la kufanya. Shimo la matope nalo unalinunia vipi?

Yeye yuko nje na vitunguu. Hajui kama nimesoma. Jioni atajua.

Mama yako

*

(Iliyoambatishwa)

Nyumbani, Jumatano, 12 Aprili, jioni

Mshika Kamba,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Pale uliposema umerudisha mawe kwa sababu ya neno langu, niliketi chini. Mlikuwa safu ya sita. Ni safu ya tisa. Hesabu kutoka mlango wa maabara, safu ya tisa, jiwe la nne kutoka ukutani, lina kona iliyomegeka. Chini yake kuna chemba.

Bomba kubwa nililaza kwa mteremko mdogo mno. Si fundi aliyekosea, si mvua, ni mimi kwenye hesabu. Maji yanakwenda, ila yanakwenda kivivu, na matope yanabaki njiani. Niligundua wiki ya tatu baada ya kukabidhi. Wakati huo nilishapigwa picha, nilishapewa ngao, nilishasimama mbele ya watu nikasema kiwanja hiki hakitahitaji mkono wa mtu. Kulitengeneza bomba ilibidi kuinua safu zote thelathini mbele ya macho ya watu wale wale. Sikuweza.

Nikarudi Jumamosi moja na mtaimbo. Mfagiaji akanikuta nimepiga magoti. Hakuniuliza kitu, alikwenda akaleta ndoo. Tukachimba chemba ya kunasa matope kabla hayajaingia bombani, tukaifunika jiwe. Kwa hesabu zangu, nzuri safari hii, chemba inataka kuzolewa kila mwezi. Karatasi ya sita nikaichana. Na mwezi huo huo nikapaka yale maneno ukutani.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi nilikwenda. Tulikuwa tunatoa ndoo mbili, tatu, tunaoga pale bombani kwa dobi, tunakunywa chai, narudi. Miaka ishirini na minne. Nilipohama aliendelea peke yake bila kuambiwa. Alipostaafu, nilijua. Nilihesabu miezi, nikajua chemba imejaa, na sikusema.

Yale ya chupa ni uongo. Yule mtu hajagusa pombe maishani mwake. Simu anabadilisha kila siku, lakini anakaa kwa binti yake, nyuma ya soko la mbao, nyumba ya mlango wa bati. Nimemsingizia mtu aliyenifichia aibu yangu, na nimemsingizia kwa mwanangu.

Mama yako alidhani nina mwanamke. Aliponiuliza, niliona heri adhani hivyo kuliko nimwambie nimekosea mteremko. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma tena, namwonea haya aliyeiandika.

Sasa unajua kwa nini nilikuwa mkali. Ule uwanja wa shule umeharibika kwa sababu yangu. Ulijenga kwa kufuata kitu ambacho mimi mwenyewe sikukifuata.

Mpe dereva jibu

*

Ofisini, Jumanne, 25 Aprili

Baba, na Mama pia, maana najua nani anafungua bahasha nyumba hiyo siku hizi,

Shikamooni.

Barua ya chemba ilinifikia Alhamisi jioni. Tingatinga lilianza Jumatano asubuhi. Simu zako, Mama, niliziona jua linazama, nikapiga, yako ikawa imezimwa. Mashine inanguruma kutwa, simu iko mfukoni, ningesikia nini?

Baba, hata karatasi hukuimalizia. "Mpe dereva jibu," hakuna saini, hakuna chochote. Ulifikia pale ukashindwa, ukaiweka na soksi. Ungempa Mwendo Pole asubuhi ile badala ya vitunguu vyako, ningekuwa na siku sita. Nilihitaji saa mbili.

Nilikwenda Alhamisi hiyo hiyo kuwasimamisha. Zimebaki safu kumi na moja. Kumi na tisa ziko kwenye rundo nyuma ya chumba cha jenereta, nyingi zimevunjika. Miti mitatu imeondoka. Umebaki wa nne, ule niliokushikia kamba ukipima shimo lake. Benchi limebaki moja.

Ijumaa asubuhi nikahesabu safu tisa, mawe manne, kona iliyomegeka. Tulikwishalipita kwa macho mara mia. Nimeinua jiwe peke yangu. Chemba ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, laini kama uji. Nikavua viatu nikaingia. Nilitoa ndoo kumi na saba. Mama wa dobi alinihesabia kwa sauti, na kila ndoo alikuwa akisema, "Si nilikuambia?" Ya kumi na nane sikuimaliza, bomba lilikoroma, na maji yote yaliyokuwa yametuama chini ya mabenchi yakaanza kwenda.

Mkurugenzi alikuwa amesimama na mwavuli. Akatazama maji, akatazama rundo la mawe, akatazama maji tena. Akasema, "Kumbe ilikuwa hivyo tu?" Nikamwambia ndiyo, ilikuwa hivyo tu. Sina neno jingine nililolichukia maishani kama hilo "tu".

Mama, wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Matope yanazoleka. Nimeyazoa mwenyewe.

Mfagiaji nimempata mlango wa bati, kama ulivyosema. Alikuja Jumamosi, amevaa vizuri, akasimama karibu na rundo muda mrefu. Nikamuuliza, kwa nini siku ya kustaafu hukuwaambia wakubwa wa hospitali kuna chemba? Akanijibu, "Mzee aliniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu." Halafu akauliza kama goti lako linaendeleaje. Habari ya chupa sikumwambia. Hilo ni deni lako, ukalilipe kwa mdomo wako.

Pembeni ndani ya chemba, chini kidogo ya mdomo, kuna kijishimo kwenye ukuta, na ndani yake vikombe viwili vya bati. Nimeviosha. Nimevirudisha.

Safu kumi na moja zinabaki. Nimemlazimisha mkurugenzi, na sikumlazimisha kwa upole. Zege litaishia pale safu zinapoanzia. Katika mkataba nimeandika mtu wa kufungua chemba kila mwezi, na mfagiaji atamfundisha. Wiki ijayo nakwenda kwa mwalimu mkuu wa shule na mkataba wa namna hiyo hiyo, na kichwa changu nimekiinamisha. Ukutani Penseli amepaka rangi nyeupe juu ya maneno yako. Mikono miwili, na bado yanaonekana kwa mbali.

Bado nimekasirika. Sijui nitakasirika mpaka lini. Lakini nimechora karatasi ya sita upya, kilichopo, si kile tulichotamani kiwepo, na inahitaji saini ya aliyejenga. Jumamosi hii ni ya mwisho wa mwezi. Kiti cha mbele cha lori kinatosha wawili. Njoo.

Mshika Kamba

*

Nyumbani, Alhamisi, 27 Aprili

Mshika Kamba wangu,

Barua hii analeta Mama yako mwenyewe.

Mimi siji. Si goti. Nilikuwa nimeshavaa viatu, nimeshika ndoo, ameninyang'anya langoni. Amesema Jumamosi zote zile nilikwenda peke yangu, hii ni zamu yake, anataka akamwone huyo mwanamke. Nimemuuliza atarudi lini. Ameniambia nisimuulize. Amepanda mbele kwa Mwendo Pole, kioo amepandisha, wananisubiri nimalize barua hii.

Siku nane sasa ananipakulia chakula hanitazami. Leo langoni alinitazama. Sikuweza kuvumilia, nikaangalia vitunguu.

Karatasi ya sita mpe aniletee, nitaitia saini mbele yake. Mfagiaji mwambie Jumamosi ijayo nitakuja na maneno yangu mwenyewe, na nitayasema hata kama sitasikia jibu lake. Ukuta upake mkono wa tatu.

Mwonyeshe Mama yako jiwe, safu ya tisa, la nne. Mwache alifungue yeye. Asije akainama vibaya, mgongo wake unamsumbua ingawa hasemi. Akimaliza kutoa ndoo, mpe chai kwenye kikombe changu. Ni kile kisicho na mkono.

Baba yako